Siku Nne Nilizonyamaza Mbele ya Mashine Yako

Mzee Gaspard,

Innocent ameenda kula, nami nina muda wa kukuambia jambo ambalo siwezi kumwambia mtu aliye hai. Nina wivu, Mzee. Ninao tangu wiki ile uliyolazwa, ulipoagiza Innocent aitwe ukampa daftari lako la kazi. Mimi Odette wako, miaka tisa nikitengeneza kompyuta pembeni yako hapa Gisozi, nikivuta vumbi la mbao la maseremala wa Agakiriro pamoja nawe, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje na chupa ya uji. Yeye alikuwa na miaka miwili tu kwako. Alitoka chumbani amelikumbatia, na mimi ule uji nikamwachia muuguzi, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Nilikulilia sana. Lakini nilikulilia huku nimekukasirikia, na hilo sikumwambia mtu.

Karakana tumeipaka rangi. Redio yako bado inakoroma asubuhi mpaka ipigwe kofi. Siku hizi wateja wakiingia wanachungulia kwanza, halafu wananiuliza, “Innocent yuko?” Nami nawajibu yuko, nikitabasamu kama mjinga.

Wiki iliyopita mkeo, Mama Aline, aliteremka na ile mashine yako ya zamani uliyokuwa ukihariria video. Misa yako ya mwaka inakaribia, na anataka ile video ya gusaba, siku wakwe walipokuja kumposa Aline, nawe ukasimama kuwajibu na kuwatania mpaka watu wakashika mbavu. Hakuna mahali pengine sauti yako ilipobaki. Aliiweka juu ya meza ya Innocent.

“Wewe ndiye Mzee alikuachia daftari,” alimwambia.

Nilikuwa hatua mbili kutoka pale, nimeshika bisibisi. Mimi aliniuliza watoto hawajambo.

Innocent alipoiwasha, tarehe kwenye skrini ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, na hapo hapo nikajua ugonjwa. Wewe ndiye uliyetuzoesha kuchomoa kila kitu ukutani jioni, kwa kuogopa umeme, na Mama Aline ameishika kanuni yako hata huko nyumbani kwenu Rebero. Mashine imekaa karibu mwaka mzima bila waya. Ile betri ndogo ya bodi mama ikafa, na bodi ikasahau mipangilio yake yote, pamoja na ule wa RAID unaozifanya diski mbili zisomeke kama moja. Ulizipanga hivyo kwa sababu ya video, ulitaka haraka, kila diski ibebe nusu yake. Mpangilio ukipotea, nusu hizo hazisomeki hata kidogo. Innocent aliona tarehe imekosewa, akaisahihisha, akaendelea na kazi.

Nami nikajikausha.

Nilijikausha siku nne. Alibadilisha nyaya. Akazihamishia diski kwenye soketi mbili za mwisho za bodi, ambako ndiko kubaya zaidi. Akafungua daftari lako, akapekua kurasa zote, akarudia. Niliona raha, Mzee. Siwezi kukudanganya wewe. Nilikuwa napika chai huku naimba.

Unakumbuka siku tulipoiunda? Bodi ilikuwa kuukuu hata wakati ule, na Jumamosi nzima ilikataa kuziunganisha diski. Tulizima na kuwasha mpaka kitufe kikalegea. Ni mimi niliyegundua kwamba soketi mbili za mwisho zina rangi tofauti na zile nyingine, na kwamba zinaongozwa na chipu nyingine isiyoijua RAID. Ulicheka ukasema, “Odette, uyu muzee anataka kubembelezwa.” Ukaagiza amandazi, tukala tumekaa sakafuni kwa sababu meza ilijaa skrubu. Siku ile Innocent hakuwepo. Ile ni yangu peke yangu.

Jana alikuja na flashi ya kuweka Windows upya. Skrini ikamwonyesha diski mbili zisizo na kitu, kama alivyodhani.

“Dada Odette, izi disiki ziko tupu,” aliniambia. “Nafuta, naweka mupya. Mama Aline nitamwambia yihangane, avumilie tu.”

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Akilini nilimwona Mama Aline akimlaumu. Nilimsikia akisema bora angempa Odette. Hayo ndiyo yaliyonijia kwanza, Mzee. Sauti yako ilinijia baadaye. Sijui zilipita sekunde ngapi, ila zilipita, na mimi nilikuwa nakitazama kile kidole.

“Acha,” nikasema.

Nilimwomba kiti. Nikaweka betri mpya, nikazirudisha diski kwenye soketi zake, nikaingia kwenye mipangilio ya bodi nikairudishia RAID. Innocent akanishikia tochi. Jina la diski likatokea, moja badala ya mawili. Kisha tukafungua video, na wewe ukakohoa, ukawaambia wakwe kwamba ng'ombe wao wa mahari unawasikia kwa masikio tu, macho bado hayajawaona. Innocent aliegemea ukuta akalia. Mimi machozi yalinigomea.

“Ulijua tangu lini, Dada?” akaniuliza.

“Sasa hivi tu.”

Akaniamini. Akaniletea daftari mwenyewe, akasema tulisome wote. Nimelisoma. Umeandika jinsi ya kusafisha feni, namna ya kumtuliza mteja aliyekuja na hasira, skrubu zipi zisichanganywe. Hakuna hata mstari ambao siujui. Uliandika kwa ajili ya mtu ambaye bado hajui, naelewa. Hata hivyo nililitaka. Ungeniandikia hata ukurasa mmoja wa mambo ninayoyajua.

Video nimeinakili mara tatu, jambo ulilowaamuru wateja wote na wewe mwenyewe hukulifanya. Mama Aline alikuja asubuhi kumshukuru Innocent, naye akamwambia, “Si mimi, ni Dada Odette.” Mama yule akanikumbatia, akaniita mwanangu, akaniombea baraka. Nilisimama pale nimekauka. Afadhali angenizaba kofi.

Wivu haujaisha, nisijitie utakatifu. Nikimwona ameshika bisibisi yako bado roho inaniuma.

Lala pema, Mzee wangu. Nasikia Innocent anasalimiana na maseremala hapo nje. Nakuahidi, kabla hajakaa nitamwambia kwamba nilijua tangu dakika ya kwanza, na kwamba nilikiona kidole chake juu ya kitufe nikasubiri.

Odette