Matonge Ninayoyahesabu

Kindu, ng'ambo ya Alunguli

Kwako Yaya Mwayuma, Kampene,

Hujambo, dada yangu? Mgongo unaendeleaje, na ile dawa ya kuchua imekusaidia au imenuka tu? Huku sisi wazima. Mume wangu amepona malaria na ameanza tena kulalamika juu ya chumvi, kwa hiyo ujue amepona kweli.

Yaya, Aziza wako amekuambia amehama kwangu kwenda Kasuku, ng'ambo ya pili, kwa rafiki yake kwa sababu kuvuka mto kila asubuhi kwenda kwenye masomo ya uuguzi kunamchosha. Si kweli. Amekimbia macho yangu. Nimechoka kujikasirikia peke yangu, ndiyo maana nakuandikia.

Nahesabu matonge. Tukiketi kula, mimi na Aziza na wanangu, kichwa kinaanza chenyewe: moja, mbili, tatu. Gunia la mchele liko ndani, sombe ya majani ya muhogo iko, hakuna anayelala njaa kwangu. Bado nahesabu. Aziza akifika la tano, namwonea hasira mtoto wa dada yangu kwa kuwa anakula. Nilijaribu kutazama ukuta. Masikio yakahesabu.

Siku moja aliacha kula, akasema polepole, "Mama mudogo, kila mara niko nakula, unaangaliaka mukono yangu." Nikamjibu vibaya, nikamwambia anajidhania tu. Tangu hapo akawa anarudi jioni akisema ameshakula huko. Baada ya wiki mbili akafunga mizigo.

Nilimsindikiza hadi mtoni. Unajua wazo la kwanza lililonijia mtumbwi ulipoondoka? Leo bugali itatosha. Nikasikia raha, Yaya, raha kabisa. Nilikuwa nimekaribia nyumbani ndipo nikasimama njiani, nikajiuliza ni nani huyu anayesema ndani yangu. Nilijionea aibu, halafu nikapandwa na hasira.

Nilimweleza mama mmoja wa kikundi chetu cha ushonaji, ambaye amefundishwa kusikiliza wanawake walioumizwa na vita. Akasema nisilifukuze wazo, niliulize limetoka wapi na lina umri gani. Nilicheka. Kesho yake nikajaribu, nimeshika mwiko jikoni kama mwendawazimu. Likanijibu upesi kuliko nilivyotaka. Lina miaka tisa, umri niliokuwa nao lilipozaliwa. Limetoka porini upande wa Kama, tulikokimbilia wakati wa vita, wewe, mimi na marehemu mama aliyekuwa mgonjwa, na wewe ndiye uliyekuwa ukitugawia chakula juu ya jani la mgomba.

Basi, nimelijua. Nimelijua na bado linakuja. Juzi alikuja fundi wa paa, nikampakulia wali, nikamhesabia hadi kumi na moja huku namwambia karibu, ongeza. Kujua kunanisaidia nini, kama linafika kabla yangu kila siku? Huyo mama ananiambia nivumilie. Yeye hajafukuza mtoto wa dada yake.

Jumamosi nilivuka kwenda kumwomba Aziza arudi. Alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, akaniuliza habari za kila mtu. Nilipomuuliza kama amehama kwa ajili yangu, akatazama chini: "Hapana, mama mudogo. Ni mutumbwi njo inanichokeshaka." Nilitaka kumweleza nikashindwa, kwa sababu uliniapisha nisiwasimulie watoto wako mambo ya porini. Nakuomba sasa unifungue kinywa. Bila pori, mimi kwake ni mama mdogo mchoyo, na atazeeka akijua hivyo.

Msalimie shemeji Salumu, mumeo, na mama mkwe wako, mwambie kitenge chake nimekishona, bado kupata mtu wa kukileta. Wapwa zangu wote uwakumbatie, hasa kitinda mimba wako.

Nilitaka kufunga hapa, lakini ukinikubalia nitamsimulia Aziza yote, na kuna moja ambalo ni lazima ulisikie wewe kwanza. Porini nilihesabu ya kila mtu. Mama alikula matonge sita. Mimi saba. Wewe manne, halafu ulisema umeshiba. Nilijua kila siku kwamba unadanganya, Yaya, na kila siku nilikula lile la saba.

Mdogo wako,
Zaina