Leo ni Kuku wa Wapi

Shemeji mpendwa,

Pokea salamu zangu, na heshima zako kama mkubwa wetu. Natumaini goti limepoa na wajukuu hawakukimbizi sana. Sisi huku tunapumua. Mdogo wako anakula, analala, na nywele zake anasukwa na muuguzi, yule jirani yetu wa mlango wa pili. Mimi ni mzima. Sina la kulalamika, na hata ningekuwa nalo sijui ningelalamika kwa sauti gani.

Uliuliza kama ni kweli nimefunga duka langu la kutengeneza redio. Sijafunga. Nafungua asubuhi, jua likifika utosini narudi nyumbani kupika. Najua utacheka. Wewe ndiye uliyesema siku ya harusi yetu kwamba mume huyu akiachiwa jiko ataunguza hata maji. Sasa muuza kuku ananiita Bwana Kuku. Juzi aliwaambia wateja wake kwamba kuku wakiniona kwenye kona wanaanza kuagana.

Ilianza pale mdogo wako alipogoma kula. Nikimwekea mchuzi tuliouzoea anasukuma sahani, anasema si ndicho alichokula jana. Akakonda mpaka bangili zikawa zinamvuka mkononi. Muuguzi akanishauri nibadilishe ladha, akawa ananionyesha mapishi kwenye simu yake. Nikaanza na kuku wa Kichina: minofu myembamba, tangawizi, kitunguu saumu na sosi ya soya, moto mkali na mkono usiotulia. Mdogo wako alikula akalamba vidole. Kesho yake nikarudia, akasukuma sahani. Hapo nikaelewa kwamba kila siku inataka nchi yake. Nikapika wa Kihindi, aliyelala kwenye mtindi na bizari usiku kucha. Nikapika wa Kiitaliano, kwa nyanya na majani makavu yenye harufu ya dawa ya kifua. Wa Kimeksiko anatiwa pilipili na chokoleti chungu. Nilidhani muuguzi ananitania, lakini sahani ilirudi nyeupe.

Usiniulize mimi vilikuwa vitamu kiasi gani. Naonja kwa sababu mpishi lazima aonje, ila ulimi wangu hauniambii kitu. Chumvi naipima kwa jicho.

Sasa shemeji, nimezunguka mbuyu vya kutosha. Ulisema unataka kuja kumchukua akae kwako, kwa kuwa ameanza kusahau na mimi nina kazi. Nilikuambia anasahau funguo na majina ya watu. Sikukuambia yote. Hanijui. Tangu mvua zilipoanza hanijui. Anaamini yuko safarini, hapa ni hoteli, na mimi ni mpishi. Nikiweka sahani ananiuliza kwa adabu, “Leo ni kuku wa wapi, mpishi?” Nikimtajia nchi anageuka kutazama dirishani, anasema ndiyo maana kuna baridi, au ndiyo maana kuna joto.

Mwanzoni nilimsahihisha. Nilimshika mkono nikamwambia mimi ni mumeo. Alipiga kelele mpaka majirani wakaja, na ilibidi nitoke nje ili anyamaze. Sijajaribu tena.

Wiki iliyopita alikula nusu, akafunika paja kwa kisosi. Akaniambia, “Hili niwekee, mpishi. Mume wangu yuko njiani, na kidari hapendi.” Nikasema sawa, mama. Akaniuliza kama namfahamu huyo mumewe. Nikajibu nimewahi kumwona. Akasema ni mtu mwema, ila anachelewa, redio za watu zinamshika.

Nikalibeba lile paja jikoni nikalila nimesimama, kwa kuwa lilikuwa langu. Nilingoja machozi. Hayakuja. Nikaosha sahani, nikaloweka kuku wa kesho. Tangu siku hiyo haachi kulitenga, nami siachi kulila.

Kwa hiyo nakuomba usimchukue. Ukimwondoa hapa atakuwa ameondoka hotelini kabla mumewe hajafika. Wewe njoo tu utusalimie, kitanda kipo. Ukifika, mbele yake usiniite shemeji. Niite mpishi. Na asipokutambua, usimlilie. Vuta kiti ukae mezani kwake, siku hizi anapenda kuzungumza na wageni. Nitawapikia wa limau na zeituni, sijampa bado.

Nisalimie wajukuu, uwaambie wakupunguzie kupanda ngazi. Mdogo wako angekusalimu, nami nakufikishia salamu ambazo angezituma.

Ni mimi,
mume wa mdogo wako.