Kosa la Kuamkia

Mjukuu wangu Nyamizi,

Barua hii tafadhali usimwonyeshe mtu, hasa baba yako. Hatujambo, bibi yako ameshavuna karanga.

Umeniuliza kama ni kweli niliongoza mgomo chuoni. Baba yako anaamini hivyo, lakini mimi nilikuwa karani tu, mwoga. Mkuu wetu, Mwingereza, aliwakatalia wanafunzi suruali ndefu, kisha akaamuru wamwamkie kwa shikamoo. Wakatii mno. Asubuhi moja walijipanga mlangoni pake, mmoja mmoja, na aliyeitikiwa akarudi nyuma ya mstari.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba."

Kufika adhuhuri sauti ilikuwa imemkauka.

"Karani! Andika majina, wafukuzwe wote!"

Fomu ya kumfukuza mwanafunzi ilikuwa na nafasi ya kuandika kosa. Nikauliza, "Kosa lao niandike nini, bwana?"

"Andika heshima imezidi!" mwanafunzi mmoja akadakia.

Mkuu aliitazama fomu, akawatazama, akaingia ndani. Hakufukuzwa mtu. Hadi leo nawastaajabia vijana wale, na swali langu la woga pia.

Ukijibu, tuma kwa fundi viatu wa Gongoni. Mwambie ni ya karani, nitaifuata mwenyewe, isije ikasomwa nyumbani.

Babu yako