Kijani cha Meneja

4 Machi

Kwa mwanangu, Profesa wa Mawe,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, goti tu ndilo linalolalamika ninapopanda ngazi, na mimi nalijibu kwa kupanda. Wewe je, kifua kimepoa? Vumbi la mawe si la kuchezea, ufunge kitambaa.

Sasa kaa chini. Wale watu wa barabara wamefika kwetu. Wamechora alama ya X nyekundu kando ya dirisha la mbele, na baada ya katikati ya Aprili nyumba inavunjwa. Tumeshakubaliana, sina ugomvi nao. Nahamia kwa shangazi yako. Kinachoniuma ni ile X. Mwanangu, imechuruzika! Mstari mmoja mnene, mwingine mwembamba kama mkia wa panya. Nilitoka na brashi nikainyoosha, jirani akanicheka mpaka akashika kiuno. "Fundi, unairemba hukumu yako mwenyewe?" Nikamwambia kazi mbovu siwezi kulala nayo nyumba moja.

Shangazi ana chumba kimoja tu cha kunipa. Basi niambie, humu ndani unataka nikuwekee nini? Kabati la mama yako? Kile kioo chake? Najua tangu wiki ile tuliyomzika hujaingia nyumba hii, na wala sikulazimishi. Lakini chagua kitu.

Ni mimi baba yako,
Fundi Rangi

12 Machi

Shikamoo baba,

Kifua kimepoa, kitambaa nafunga, na goti lako lifikishie pole zangu. Barua yako nimeisoma kazini. Nilipofika kwenye X nilicheka mpaka wenzangu wakaja kuuliza kuna nini, halafu nikajikuta nalia. Wakarudi kwenye meza zao taratibu.

Kabati mpe shangazi. Ninachotaka hakibebeki, baba. Nataka mkono wa mama.

Unakumbuka siku ile? Ulikuwa umemaliza kupaka kile chumba cha nyuma kijani, kijani cha mafuta, kizito. Meneja, yule mbwa wetu, akaingia kukagua kazi kama kawaida yake, mkia juu, akaona ukuta una ubaridi akaegemea kwa ubavu wote. Mama akakimbia kumvuta, akateleza, akajishikiza ukutani kwa kiganja kizima. Mbwa kijani, mkono kijani, sote hoi kwa kicheko. Na wewe, ambaye nyayo za nzi tu zinakurudisha juu ya ngazi, ulitazama ule mkono uliodidimia kwenye rangi, ukasema, "Huu uacheni."

Halafu baada ya mazishi nikatoka dukani nikakuta umepaka ukuta wote rangi ya maziwa. Nilikukasirikia, baba. Hata leo hasira haijaisha yote. Ndiyo sababu sirudi. Naogopa kuingia chumba kile nikute ukuta mtupu.

Juzi nimeota nyumba yetu iko chini ya bahari. Maji ya kijani mpaka darini, Meneja anaogelea sebuleni, wewe uko juu ya ngazi unapaka maji. Labda ni kazi yangu hii. Nakaa dirishani na sindano, namtoa konokono wa bahari wa kale aliyegandia ndani ya jiwe, punje kwa punje. Jiwe lenyewe limetoka kilimani, mahali ambapo leo huoni hata kijito. Kuna saa mwanga ukiingia dirishani nasikia kama mawimbi, nasahau chakula cha mchana.

Kwangua ule ukuta, baba. Tabaka moja moja. La chini ndilo lililotangulia, utafika tu.

Mwanao

20 Machi

Kwa mwanangu,

Marahaba. Shangazi anakusalimu, anasema kabati ni kubwa kuliko mlango wake lakini hatasema hapana.

Nimekwangua. Nilikaa mle chumbani siku nzima, dirisha wazi, vumbi la rangi likielea kwenye jua. Nikatoa nyeupe ya juu, nikatoa ya maziwa, nikafika kwenye kijani. Nikakifungua ukuta mzima kwa msasa, kutoka kona hadi kona. Hakuna kitu, mwanangu. Hata ukucha haupo. Kijani kimelala shwari kana kwamba mama yako hakuwahi kuishi humu.

Nikakaa sakafuni. Sasa nakuuliza kitu na mimi mwenyewe naogopa jibu. Wiki ile ya msiba sikuwa na akili zangu. Fundi kabla ya kupaka husawazisha ukuta. Je, kama mikono yangu ilifanya ilivyozoea? Kama niliusugua mkono wake kwa msasa, halafu ndiyo nikapaka? Sikumbuki. Nimejikamua kichwa, sikumbuki kabisa.

Nisamehe kama ndivyo.

Baba yako

5 Aprili

Shikamoo baba yangu mpenzi,

Usidhani nilinuna. Tulikuwa milimani, barua yako imenisubiri mezani tangu tulipoondoka. Nimeisoma na buti zikiwa na tope. Goti vipi? Unakula?

Nisikilize vizuri, muda umebaki kidogo. Wewe ni mtu wa makopo ya mabaki. Kazi ya mtu ikiisha, kinachobaki kwenye kopo kinakuja kupakwa nyumbani. Umepaka kile chumba mara ngapi kwa rangi ya maziwa? Kila mteja anataka ya maziwa! Na kijani, una uhakika ulikipaka mara moja tu?

Sisi huku tungepotea vilevile kama tungefuata rangi ya jiwe peke yake. Wiki hii nimesimama chini ya genge, ukuta wa mlima uliokatika, nikaona mchanga mwekundu, juu yake tope la kijivu, juu yake mchanga mwekundu tena, na ukiushika wa juu na wa chini huoni tofauti. Mawe yanajirudia, baba. Bahari inakuja, inaondoka, inakuja tena, na inaacha tope lilelile. Kisichojirudia ni viumbe. Konokono wa aina fulani anatokea, anaenea kila mahali, anaishi kitambo kifupi, anapotea. Akishapotea harudi, hata dunia ikae vipi. Kwa hiyo ukimkuta kwenye genge la huku, na mwingine kama yeye kwenye genge la mbali, unajua matabaka hayo mawili ni ya zama moja. Hivyo ndivyo walimu wetu walivyoigawa historia ya dunia: nani ameingia, nani ametoka. Miaka yenyewe tunaipata kwingine, kwenye majivu ya volkano yaliyonasa katikati. Lakini zamu za nani alitangulia, hao konokono ndio wanaotuambia.

Sasa, nani katika nyumba yetu alikuja akaenea kila mahali, akakaa kitambo kifupi, akapotea?

Meneja, baba! Alifika mvua zikianza, mvua zilizofuata akafuata lori la mchanga, hatukumwona tena. Manyoya yake yalikuwa kwenye chai, kwenye mito, kwenye brashi zako. Na siku ile aliegemea ukuta ubavu mzima. Tafuta chini, usawa wa goti. Kijani kisicho na manyoya ya Meneja si kijani chetu. Shuka zaidi.

Na usijihukumu bado. Viumbe wengi hawaachi alama yoyote, jua na mvua vinawamaliza. Wanaotufikia ni wale waliofunikwa na tope mapema.

Mwanao

10 Aprili

Mwanangu,

Salamu fupi leo, vumbi la rangi bado liko kwenye vidole. Mzima mimi, mzima sana.

Barua yako ilipofika nilichuchumaa ukutani na miwani ya kusomea, nikapapasa kile kijani usawa wa goti. Laini. Hakuna hata unyoya. Na hapohapo nikakumbuka kijani hicho ni cha lini. Mwaka uliofuata baada ya msiba nilitafuta kopo la kijani kilekile, nikapaka chumba upya. Nilidhani nikikirudisha, nyumba nayo itarudi ilivyokuwa. Nilipomaliza nikakaa kitandani nikakitazama. Rangi ileile kabisa, mwanangu, na mama yako hayupo. Ndipo nikaipaka ya maziwa juu yake tena, na jambo hilo nikalifukia kichwani pamoja na ukuta.

Basi nikashuka. Chini ya kijani hicho, ya maziwa nyingine. Chini yake, kijani. Nikaanzia usawa wa goti, msasa mwororo, pumzi nimezibana. Unyoya mmoja. Wa kahawia, umejikunja. Halafu mwingine mweupe. Halafu ubavu mzima wa Meneja, yule mpumbavu, umenasa kama aliegemea asubuhi ya leo. Nilicheka kwa sauti, jirani akachungulia dirishani akauliza, "Fundi, uko na nani humo?" Nikamjibu, "Niko na Meneja." Akaenda zake.

Nikapanda juu kidogo, upande wa kulia. Kijani chote kilikuwa kinatoka safi chini ya msasa, ile ya maziwa inapukutika, ila mahali pamoja ilikataa kutoka. Ilikuwa imezama kwenye shimo. Nikasugua pembeni tu, taratibu. Kikatoka kidole gumba. Vikatoka vinne vilivyobaki, kile kidogo kimepinda nje kidogo, vilevile kama mama yako alivyokuwa akishika kikombe. Mkono mweupe, mzima, katikati ya kijani.

Sikuusugua, mwanangu. Wiki ile niliufunika tu. Na ile rangi ya maziwa uliyonikasirikia ndiyo iliyoujaza mpaka leo. Ungebaki wazi miaka yote hii, mabega ya watu na kabati na ufagio vingekuwa vimeshaumaliza.

Nilijaribu kuona kama ukuta unakatika. Lipu ni ya mchanga mwingi, nikigusa kwa tindo inamwagika. Hautoki humu. Wanavunja Jumatatu.

Barua hii nampa dereva wa basi ikufikie kesho, usiijibu. Njoo.

Baba yako

14 Aprili, mlangoni

Mwanangu,

Nimekwenda kituoni kungoja mabasi, huenda umo. Kama tumepishana, mlango uko wazi, hamna cha kuibiwa. Chai iko kwenye chupa. Usijali kupiga hodi, ingia moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma.

Mimi nimeshaweka kiganja changu pale, ni kikubwa, kinamwagika pembeni. Weka chako. Nadhani kitaingia.

Baba