Kesi kwa Jina la Suqiao

Hangzhou, 9 Machi

Baba, shikamoo. Naamini kifua kimetulia na Mama ameanza kupanda pilipili. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Kazi ya chekechea nimeikosa. Walinipiga picha, wakailinganisha na kitambulisho, wakaridhika kuwa ni mimi. Kisha wakaulizia habari zangu polisi, ikarudi hukumu ya wizi iliyotolewa mji wa Wenzhou. Unakumbuka kitambulisho kilichonipotea stesheni, mwaka ule wa kwanza wa chuo? Aliyekiokota aliiba dukani, akakamatwa, akajitaja kwa jina langu. Akafungwa kwa jina langu. Nilimweleza afisa wa polisi yote hayo. Alinisikiliza kwa upole, akajibu, "Dada, uso ni wako, namba ni yako. Basi na kesi ni yako."

Usimwambie mdogo wangu Boheng, ana mitihani.

Binti yako,
Suqiao

Zunyi, 2 Aprili

Mwanangu Suqiao, hatujambo. Kikohozi kinanisumbua asubuhi tu.

Nimekwenda polisi hapa mjini na picha zako tangu utotoni. Wamesema kesi iliamuliwa Wenzhou, isahihishwe Wenzhou. Nenda huko, mama.

Mdogo wako ameshajua. Amefaulu mtihani wa chuo cha polisi, lakini kabla ya kumpokea wanachunguza wazazi na ndugu pia. Uchunguzi unafungwa mwisho wa mwezi. Mama yako ameshatangazia mtaa mzima kwamba amefaulu, na mimi sina ujasiri wa kumnyamazisha.

Baba yako

Wenzhou, 21 Aprili

Baba, shikamoo. Nimefika salama, nimelala kwa rafiki.

Karani wa mahakama alilinganisha alama za vidole mbele yangu. Za aliyefungwa si zangu, ameona mwenyewe. Nikadhani yamekwisha. Akasema hawezi kulifuta jina langu mpaka apate la kuweka mahali pake, maana hukumu haikai bila mtu. Yule mwanamke alishatoka gerezani zamani, na wa kumtafuta hawajui hata anaitwa nani. Nikaomba basi waniandikie tu kwamba jambo linachunguzwa, Boheng apeleke chuoni. Wakasema hawana utaratibu wa barua kama hiyo. Nimekaa kwenye benchi lao mpaka wakafunga mlango.

Mwambie Boheng nimejaribu.

Suqiao wako

Zunyi, 8 Mei

Mwanangu, salamu nyingi. Mama yako anauliza kama unakula.

Chuo kimemkataa Boheng. Hakugomba, wala hakukutaja kwa ubaya. Majirani walipouliza, aliwaambia ameangushwa na macho, kwamba haoni mbali. Hataki jina lako lipite midomoni mwao. Sasa amenunua miwani ya vioo visivyo na nguvu yoyote sokoni, ili wamwamini. Jana usiku tulikula tambi sisi watatu tu, mlango umefungwa, naye hakuivua. Vioo vikajaa mvuke, akaendelea kula hivyo hivyo. 

Baba yako