Wageni wa Kwenye Chipukizi

Shoga, nimeua miche yote. Mimi, kwa mkono wangu.

Ile ya kitaluni, yenye ute unaonata kwenye machipukizi. Nilipochungulia kwa hadubini nilikuta bakteria wamejaa kwenye ule ute, nikajua ni ugonjwa. Nikaipiga dawa mpaka wakaisha.

Leo profesa kaja, kaikuta imedumaa, majani yamejikunja. "Bakteria wako wapi?"

Nikajibu huku natabasamu. NATABASAMU! "Nimewamaliza wote, mwalimu."

Akavua miwani. "Mwanangu, hao si ugonjwa. Mmea una vitezi vinavyotoa ule ute ili uwalee. Bila wao haukui."

Nikasema basi tuchukue wengine kwenye mti mama. "Mti upi?" akaniuliza. Shoga, mti mama ulikatwa kupisha barabara, na ulikuwa wa mwisho wa aina yake. Mimi ndiye niliyewaambia wajenzi wakate tu, miche ipo salama.

"Nimewamaliza wote, mwalimu." Na meno nje!

Usiniambie maji yakimwagika hayazoleki, najua.

Nimerudi kuchungulia kwenye hadubini. Ute bado unatoka. Mche wa watu hauna habari. Unawaandalia chakula wageni niliowazika mimi.