Emajensi

Jumapili, tarehe 14 Juni

Kwa kaka yangu,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Sisi huku ni wazima wa mwili. Cherehani ya mama nimeifunika shuka. Fundi viatu wa chini bado hugonga dari yake kwa mpini wa nyundo kila asubuhi, kisha anakumbuka, ananyamaza. Ndivyo alivyokuwa akimsalimia mama huku juu.

Kaka, nina hasira. Sijazoea kuwa nazo. Zinanibana kama kiatu cha kuazima. Siku ya mazishi ulisimama mbele ya wajomba ukasema nilikuficha ugonjwa wa mama ili nionekane mimi ndiye mtoto mwema. Nilinyamaza kwa sababu mama alikuwa bado hajatolewa ndani. Tangu siku hiyo mjomba mkubwa haitikii salamu yangu. Sasa nisome mpaka mwisho.

Ulipopandishwa cheo ulituambia tusikupigie tena saa za kazi, ila kukiwa na emajensi. Hukusema dharura. Ungesema dharura, mama angekupigia kila wiki, maana hilo ni neno letu, tumelizoea. Mtu akichelewa kikao kwa ajili ya manyunyu husema alipata dharura. Lakini emajensi ilikuja imevaa suti na tai, na mama akaiogopa.

Akaanza kuulizia maana yake kama mgeni anayeulizia njia. Fundi viatu alimwambia ni ule mlango wa nyuma wa basi, ambao yeye tangu azaliwe hajaona mtu akiutumia. Muuza dawa akasema ni damu kumwagika. Mwalimu mmoja aliyeleta sketi ipunguzwe ndiye aliyemweleza vizuri: ni jambo la ghafla, la hatari, lisiloweza kungoja. Mama akang'ang'ania hilo la ghafla. Paa likavuja; akasema linavuja tangu mwaka jana, si emajensi. Ukaja uvimbe wa tumboni. Akasema umekuja taratibu, kama mgeni mstaarabu anayebisha hodi, nao si emajensi. Nilicheka naye, kaka, mpaka siku nilipoona gauni lake la kazini limeachia mshono.

Nilitaka kukupigia. Akanipokonya simu akaitumbukiza kwenye kopo la vifungo, akaniapisha nisimharibie Meneja kazi. Unajua alikuita Meneja tangu unatambaa, kwa jinsi ulivyokuwa ukimwamrisha paka. Nikamtii. Alikuwa mama, na ilikuwa amri yako.

Sasa niseme nisilolisema pale msibani. Mama alikupigia. Ni Jumanne ile tulipotoka kwa daktari, ametoka kuambiwa kwamba wakati wa kupasuliwa umeshapita, kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Alikaa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, akaniomba nimbonyezee namba yako na nifungue spika, maana sikio lake lilikuwa zito. Nilisikia kila neno. Hukumwamkia. Ulimuuliza kama ni emajensi.

Mama alinitazama kana kwamba mimi ndiye yule mwalimu wa sketi. Akafikiri kweli kweli, kaka, kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Kisha akakujibu hapana, baba, hakuna la ghafla, alitaka tu kusikia sauti yako. Ukasema uko kikaoni. Alikuwa bado anakuombea kikao chema ulipokata. Akanirudishia simu, akasema umesikika mzima, tena umenenepa sauti.

Kwa hiyo usiniulize nani alikuficha. Uliuliza mwenyewe, ukajibiwa kwa neno lako mwenyewe. Mpigie mjomba mkubwa, umweleze habari ya Jumanne ile kwa mdomo wako. Usingoje wikendi.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Kopo la vifungo ninalo. Mwanao mkubwa akija nitampa kile chekundu alichokuwa akikililia. Hasira hizi zitapoa, najijua. Zikipoa, nikumbuke, kaka, hata siku ambayo hakuna emajensi yoyote.

Mdogo wako,
Kitindamimba